Volti zilizokubaliana na jedwali lenye kosa

Kisa hiki kilianza kama ugomvi wa alama. Katika shule moja ya sekondari mjini Tabora, kidato cha sita wa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) walifanya zoezi la kutafuta namba ya Planck, ile h ya vitabuni inayounganisha nishati ya mwanga na masafa yake, kwa kutumia vitaa vya LED. Vikundi vilikuwa sita. Vitano vilileta majibu kati ya 6.5 na 6.7, yaani palepale ilipo namba ya kitabu, 6.63 × 10⁻³⁴ J s. (Kuanzia hapa nitaacha kipeo na kuandika 6.63 tu.) Kikundi cha sita kilileta 5.8. Kilikosa alama zote za jibu, na pembeni yakaandikwa kwa wino mwekundu: "Rudieni, hamkusoma mita vizuri." Kiongozi wa kikundi, msichana mmoja mpole kwa sura, hakukubali. Alimwambia mwalimu wake kwa adabu zote kwamba mita wameisoma na wakairudia, inasema vilevile, na kama ni kurudia basi warudie darasa zima.

Mwalimu wa somo tunafahamiana. Aliniletea madaftari yote sita akitaka nimsaidie kumwonyesha binti yule alipokosea. Alinichagua mimi kwa sababu miaka yangu ya utafiti imegawanyika sehemu mbili ambazo watu huona hazihusiani: nusu ya kwanza nilikuwa napima mwanga unaotoka kwenye fuwele zenye kromiamu, nusu ya pili nimekuwa naangalia jinsi wanafunzi wanavyojifunza, au wasivyojifunza, maabara. Kisa hiki kilihitaji zote mbili, na ndiyo maana nakiandika kwa urefu.

Zoezi lenyewe kwanza, kwa ambaye hajawahi kulifanya. Kitaa cha LED kina punje ya fuwele ya semikondakta ndani yake. Umeme ukipita, elektroni zinavushwa juu ya pengo la nishati lililomo kwenye fuwele, na zinapoanguka kurudi chini kila moja hutoa chembe ya mwanga, fotoni, ambayo nishati yake inakaribiana na upana wa pengo. Pengo pana linatoa bluu, jembamba linatoa nyekundu. Basi unaongeza volti polepole hadi kitaa kianze kuwaka, unaandika volti hiyo, halafu unasema: chaji ya elektroni mara volti ni sawa na h mara masafa ya mwanga. Volti umeipima, chaji inajulikana, masafa unayapata kutokana na urefu wa wimbi ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Vifaa ni betri, riostati ya kupandisha na kushusha volti, rezista moja ya kulinda kitaa na maltimita, yaani mita ya kusomea volti. Ni zoezi la bei rahisi na linaingia vizuri kwenye mada mbili za kidato cha sita, elektroniki na fizikia ya atomu. Nalipenda, ila lina mitego.

Karatasi ya shule, ambayo imerithiwa kutoka mwalimu hadi mwalimu, ilitaja nanomita 630 kwa kitaa chekundu, 590 kwa cha njano, 565 kwa cha kijani na 470 kwa cha bluu. Kikundi cha sita kiliandika volti 1.66, 1.78, 2.04 na 2.34. Ukizikokotoa moja moja unapata 5.6, 5.6, 6.2 na 5.9, wastani 5.8. Imepungua asilimia 12 kutoka namba ya kitabu.

Mwalimu alikuwa na maelezo yake tayari. La kwanza lilikuwa joto: mwezi wa kumi Tabora, maabara ya bati, saa nane mchana. Kweli, LED ikipata joto volti yake hushuka, lakini hushuka kwa kiasi cha milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Joto lipande nyuzi 10 zaidi ya kawaida, umepoteza volti 0.02. Upungufu wa kikundi hiki ni volti 0.3 na ushee. La pili lilikuwa mita mbovu. Tukaijaribu kwa betri kavu mpya ikasoma 1.58, jambo ambalo betri mpya ya alkali husema mchana kweupe. Isitoshe, mita nyingi za dijitali betri yake ya ndani ikichoka huanza kusoma juu ya ukweli, na hapa tulikuwa tunalalamikia volti zilizo chini.

Nikaomba tuyaache madaftari ya kikundi cha sita tuangalie yale matano yaliyofaulu. Moja lilikuwa na 1.97, 2.10, 2.19 na 2.64. Mwenye kikokotoo achukue 1240 (ndiyo h ya kitabu mara kasi ya mwanga, ukagawanya kwa chaji ya elektroni, kwa kipimo cha volti na nanomita) agawanye kwa 630, kisha kwa 590, 565 na 470. Atapata namba hizohizo hadi desimali ya pili. Manne mengine yalikuwa yameongeza hapa sehemu moja ya mia ya volti, pale yamepunguza mbili, ili zisionekane zimetoka kwenye kikokotoo. Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Dokta, lakini wanaweza kuwa wamepima vizuri tu." Ni hoja ya haki. Namba kukubaliana na fomula hakumfanyi mtu kuwa mwongo, maana fomula ipo ili namba zikubaliane nayo.

Tukaweka kitaa chekundu kwenye saketi, tukakipandisha hadi 1.97. Kilikuwa kinawaka kwa nguvu zake zote, unakiona kutoka mlangoni na jua limeingia dirishani. Huko hakuwezi kuitwa kuanza kuwaka kwa namna yoyote. Lakini ushahidi uliofunga kesi ulitoka kwa kile cha kijani, na huo uliletwa na daftari la kikundi kilichoambiwa kimekosea.

Chukua volti zao, linganisha na zile ambazo fomula inadai. Nyekundu imepungua 0.31. Njano imepungua 0.32. Bluu imepungua 0.30. Kijani imepungua 0.15. Vitatu vinatembea pamoja na kimoja kimetoka kwenye mstari. Mtu asiyejua kusoma mita angetawanya namba ovyo. Hawa walikuwa na upungufu unaofanana mara tatu, halafu kitaa kimoja chenye mambo yake. Kwa mtu aliyekaa na spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa urefu wa wimbi, kwa miaka, hiyo ni dalili ya kuuliza: tuna uhakika hiki kitaa ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi?

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yangu ya zamani. Rubi, kama ile ya Longido, ni fuwele ya oksidi ya alumini ambamo kromiamu kidogo imekalia nafasi za alumini. Mwanga wake mwekundu unatoka kwenye mistari miwili myembamba, nanomita 694.3 na 692.9, na ni huohuo Theodore Maiman alioutumia mwaka 1960 kuwasha leza ya kwanza duniani. Kromiamu hiyohiyo ukiiweka kwenye fuwele ya berili, unapata zumaridi, kama ya Manyara, na jiwe linakuwa kijani. Ioni ni moja, majirani wamebadilika, rangi ikageuka. Aliyefanya kazi hiyo huacha kuamini neno "kijani" likitajwa bila namba. Na kabla hajaihoji fuwele, anakihoji kwanza kifaa kwa taa ambayo mistari yake inajulikana.

Tukamwita fundi maabara, mzee wa makamo ambaye yuko pale kuliko walimu wote. Tulipomaliza shikamoo akaeleza bila kuzunguka: vitaa vya zamani vya kijani viliungua vyote, hivi vya sasa vilinunuliwa kwa fundi simu karibu na sokoni. Akatoa kopo akatuonyesha kimoja cha zamani kilichokufa. Kilikuwa na plastiki ya kijani yenye ukungu. Vipya ni vyeupe kama maji, huwezi kujua rangi yake mpaka kiwake.

Ukungu na uwazi wa plastiki peke yake havithibitishi kitu, lakini historia inasaidia. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Kijani cha miaka iliyofuata kilikuwa cha galiamu fosfaidi iliyotiwa naitrojeni, mwanga wake ukikaa karibu na nanomita 565, kijani chenye kuelekea njano. Bluu yenye nguvu ilisumbua sana hadi miaka ya 1990, na waliofanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Nobel mwaka 2014. Fuwele yao, galiamu naitraidi, ukiichanganya na indiamu unaisogeza kutoka bluu kwenda kijani. Kijani hicho kipya huangukia kwenye nanomita 525 hivi. Mafundi wa leo wanauza hicho. Karatasi ya shule iliandikwa enzi ya kile cha kwanza.

Dhana si kipimo, kwa hiyo tukapima. Tulichukua CD iliyokwaruzika, tukaikata pembeni kipande kidogo, tukabandika selotepu upande wa maandishi tukaivuta kwa nguvu. Ile ngozi ya fedha ikatoka, ikabaki plastiki angavu yenye mifereji. Mifereji ya CD imepishana maikromita 1.6, na mwanga ukipita hapo hupinda kwa pembe inayotegemea urefu wa wimbi. Wembe mbili kwenye kadibodi zikatengeneza upenyo mwembamba mbele ya kitaa. Rula ya mita ikalazwa kando ya upenyo, jicho na kipande cha CD vikakaa mita moja mbele. Unachungulia na unaona mkanda wa rangi umelala juu ya rula, unasoma sentimita.

Kitaa cha nanomita 565 kingeonekana karibu na sentimita 37.7. Cha 525 karibu na 34.7. Tofauti ya sentimita tatu, kwa rula ya darasani! Na kwa bahati nzuri katikati yao kuna alama ambayo haihitaji kuamini mifereji ya CD wala mikono yetu: taa za tyubu na zile balbu za kubana matumizi zina mvuke wa zebaki ndani, na zebaki ina mstari wa kijani kwenye nanomita 546.1. Huo unaangukia sentimita 36.3. Kwa hiyo swali lilipungua likawa dogo kabisa. Kitaa kiko upande gani wa mstari wa zebaki, wa nyekundu au wa bluu?

Wanafunzi walipokezana kuchungulia. Kiongozi wa kikundi cha sita alikuwa wa kwanza kusema, "Kiko huku kwa bluu." Mkanda wa kijani wenye upana wa kama sentimita mbili na nusu, kitovu chake karibu na 35. Kila aliyefuata alisema hivyohivyo. Mwanafunzi mmoja akadai uhakiki wa pili, akaleta chumvi ya Uvinza kutoka jikoni, tukainyunyiza kwenye moto wa spiriti. Mwanga wa njano wa sodiamu, nanomita 589, ukatokea sentimita 39 na nusu, panapostahili. Nyekundu, njano na bluu zilionekana ziko pale karatasi ilipozitaja. Kosa lilikuwa kwenye kijani peke yake.

(Wakati wa kuchungulia ile balbu wanafunzi waliona jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda: mistari yake ni myembamba na imeachana, wakati kitaa cha LED kinatoa mkanda mpana. Rangi nyekundu ya balbu hizo, karibu nanomita 611, inatoka kwa yuropiamu iliyomo kwenye ule unga mweupe wa ndani. Unga ni mango kama LED ilivyo mango, lakini elektroni zinazotoa mwanga kwenye yuropiamu zimejificha ndani ya atomu, majirani hawazisumbui, ndiyo maana mstari unabaki mwembamba. Kwenye LED elektroni zinazurura kwenye fuwele nzima na joto linazitawanya. Ningekuwa na wiki nzima ningeacha Planck nikafundisha hilo.)

Turudi kwenye volti. Weka 525 mahali pa 565, fomula sasa inadai 2.36 kwa kijani. Kikundi cha sita kilisoma 2.04. Upungufu: 0.32. Vitaa vyote vinne sasa vimepanga mstari: 0.31, 0.32, 0.32, 0.30. Bila kujua kosa la karatasi, wanafunzi wanne walikuwa wamelikamata kwa maltimita.

Na wale wa vikundi vitano? Kama vitaa vyao vilitii fomula bila kasoro, kama madaftari yanavyodai, cha kijani kilipaswa kuwapa 2.36. Wao wameandika 2.19, 2.20, 2.18. Namba zao zinakubaliana vizuri sana na kitaa ambacho hakikuwepo kwenye chumba. Data ya kupikwa huwa ngumu kuithibitisha kwa sababu inafanana na data nzuri. Hapa ilithibitika kwa sababu mpishi alitumia kitabu cha mapishi chenye kosa, na kosa likaingia sufuriani.

Nilitegemea wakatae. Hawakukataa. Mmoja wao alisema maneno ambayo nadhani ndiyo kisa chenyewe: "Sir, na sisi tulipata 5.7. Tukajua tumekosea, tukarekebisha." Hakuna aliyeona amedanganya. Kitabu kina 6.63, kitabu hakikosei, kwa hiyo mita imekosea, kwa hiyo kurekebisha mita kwenye karatasi ni kusahihisha. Na mgawanyo wa alama ulikuwa unawaunga mkono: kati ya alama 25, kumi zilikuwa za jibu kuwa karibu na la kitabu. Ukimwekea mtu alama kumi kwenye namba anayoijua kabla hajaingia mlangoni, atakuletea hiyo namba. Sioni sababu ya kumshangaa.

Si tabia ya Tabora wala ya watoto. Mwaka 1974 mwanafizikia Richard Feynman aliwaeleza wahitimu wa Caltech, chuo cha Marekani, jinsi chaji ya elektroni ilivyopimwa baada ya Robert Millikan kuipima. Namba ya Millikan ilikuwa chini kidogo kwa sababu alitumia kiwango kisicho sahihi cha mnato wa hewa. Waliomfuata hawakuruka moja kwa moja hadi kwenye namba sahihi. Walipanda kidogo kidogo, kwa sababu aliyepata namba ya juu sana alitafuta kosa kwa bidii hadi akaliona, na aliyepata iliyo karibu na ya Millikan hakutafuta.

Upande wa elimu kuna utafiti ambao ningependa kila mkuu wa idara ausikie. Natasha Holmes, Carl Wieman na wenzao walilinganisha wanafunzi waliochukua maabara na wasiochukua katika kozi tisa za vyuo vitatu, maabara ambazo shabaha yake ilikuwa kukazia nadharia ya darasani. Katika maswali ya mtihani yaliyohusu nadharia hiyo, tofauti ilikuwa kama haipo. Kwingine, mwaka 2015, Holmes, Wieman na Doug Bonn walieleza darasa ambalo wanafunzi waliagizwa kufanya jambo moja tu tofauti: linganisha vipimo viwili, kisha boresha kipimo na ulinganishe tena. Zoezi mojawapo lilikuwa pendulum, kipindi cha nyuzi 10 dhidi ya nyuzi 20. Wanafunzi hao walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi wa kupendekeza au kufanya mabadiliko ya kuboresha njia yao kuliko wale waliofuata maelekezo ya kawaida. Pendulum ni uzi na nati. Hilo halisubiri bajeti ya wizara.

Sasa, kwa nini upungufu wa 0.3? Hapa ndipo nilipotaka mwalimu atulie zaidi, kwa sababu upungufu huo ni fizikia, wala hauna uhusiano na uzembe wa mtu. Mkondo kwenye diodi haufunguki ghafla kama bomba. Unakua kwa mara kumi kila volti ikiongezeka kiasi cha milivolti 60, na kwa diodi nyingine hadi 120. Jicho kwenye chumba chenye kivuli linaona mwanga wa mkondo mdogo mno, maikroampea chache, ambao uko mara maelfu chini ya ule wa kawaida wa milliampea 10. Shuka mara kumi mara tatu au nne na umeshapoteza kiasi cha volti 0.2 hadi karibu 0.5. Elektroni zinazotoa mwanga wakati huo zimepewa sehemu ya nishati na betri, na sehemu iliyobaki wameichota kwenye joto la fuwele. Fomula ya karatasi ilikuwa imesahau joto. Kwa hiyo volti ya "kuanza kuwaka" lazima iwe chini, na mtu anayekuletea 1.97 kwa kitaa chekundu ndiye anayestahili wino mwekundu.

Dawa ya kawaida ni kuchora grafu ya volti dhidi ya masafa na kuacha mstari ukate mhimili unapotaka, usiulazimishe kupita sifuri. Upungufu ukiwa sawa kwa vitaa vyote unabaki kwenye mkato, na mteremko unakupa h. Tukafanya hivyo kwa namba za kikundi cha sita. Kwa kijani cha 525, mteremko ulitoa 6.74. Kisha nikawaomba wachore tena kwa kijani kisicho sahihi, 565, waone kitakachotokea. Walitoa 6.65.

Ilibidi wakokotoe mara ya pili. Karatasi yenye kosa inatoa jibu lililo karibu zaidi na kitabu kuliko kipimo sahihi! Sababu ni rahisi: kijani kiko katikati ya grafu, na nukta ya katikati haina nguvu ya kuinamisha mstari. Inakaa nje ya mstari kwa volti 0.12 ikikuonyesha kuna tatizo, huku mteremko ukiendelea kama kawaida. Anayetazama jibu la mwisho pekee hatagundua kitu. Anayetazama nukta ataona. Na hizo 6.74 na 6.65 hazitofautiani kwa lolote, maana jicho linasoma mwanzo wa kuwaka kwa kosa la volti 0.05 hivi, na kwa vitaa vinne hilo linakupa asilimia kama 10 juu au chini. Ukaribu wote ule ni bahati.

Mwalimu akauliza swali zuri: kama ni hivyo, tunapima nini? Tangu tarehe 20 Mei 2019 h haipimwi tena. Dunia imekubaliana iwe 6.62607015 × 10⁻³⁴ kamili, bila kosa, na kilogramu yenyewe inafafanuliwa kutokana nayo. Maabara yoyote inayosema "imepata 5.8" imepima kitaa chake, mita yake na dhana zake. Namba ya kitabu iko salama bila msaada wa kidato cha sita.

Tukaondoa jicho. Tuliweka rezista ya kilo-omu 1 mfululizo na kitaa, tukapandisha hadi volti kwenye rezista iwe 1, maana yake mkondo ni milliampea 1, halafu mita ileile ikahamishiwa kwenye kitaa. Hakuna tena ubishi wa nani ana macho makali. Mteremko ukapanda juu ya 7. Darasa likacheka, kwa sababu njia bora imetoa jibu baya. Nilifurahi kuliko siku zote. Nyekundu na njano za leo ni za familia ya fosfaidi, kijani na bluu ni za naitraidi, na familia hizi hazidai nyongeza ileile ya volti ili kupitisha mkondo uleule. Mkato si mmoja, ni miwili, na tulikuwa tunachora mstari mmoja juu ya watu wa koo mbili.

Kuhusu alama, uamuzi ulikuwa wa idara na niliuunga mkono. Kikundi cha sita kilipewa alama zake zote. Vile vitano havikuadhibiwa. Viliambiwa virudie, na kila kikundi kipime urefu wa wimbi chenyewe kwa CD kabla ya kugusa volti. Safu ya nanomita imefutwa kwenye karatasi ya maelekezo. Alama kumi za jibu zimehamishiwa kwenye ukubwa wa kosa na maelezo ya nukta zilizo nje ya mstari. Mwalimu mmoja wa idara alipinga akisema mtihani wa taifa wa vitendo una mwongozo wake na muda wake, na watoto wakizoea kubishana na mita saa zitawaishia. Ana hoja. Wamekubaliana kwamba mazoezi ya miezi ya mwisho yabaki kwa mtindo wa mtihani, na haya ya uchunguzi yafanywe kidato cha tano, kabla presha haijaanza.

Lililobaki ni zile koo mbili. Kiongozi wa kikundi cha sita ameandika pendekezo la ukurasa mmoja: vitaa vya fosfaidi peke yake kwenye grafu moja, vya naitraidi kwenye nyingine, mkondo uleule, tuone kama mistari itakuwa sambamba. Anahitaji chungwa na nyekundu iliyoiva kwa upande mmoja, zambarau na kijani-bluu kwa upande wa pili. Fundi simu anavyo vyote isipokuwa kijani-bluu, na ameahidi kukiagiza Dar akituma mzigo mwingine.